Neno la Siri na Mzigo wa Kumbukumbu: Kutoka Kambi ya Warumi hadi Kompyuta

1. Utangulizi

Kiswahili cha leo kina majina mawili ya zile herufi na tarakimu ambazo mtu huzichapa ili afunguliwe akaunti yake: neno la siri na nywila. La kwanza linaeleweka na kila msemaji, hata yule ambaye hajawahi kugusa kompyuta. La pili ni zao la wataalamu wa istilahi. Katika miji ya Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha ya ofisi na ya mitambo, wengi husema mot de passe, au kwa kifupi code. Majina ni mbalimbali, lakini jambo ni moja: mtu anadaiwa athibitishe kwamba yeye ndiye yeye, na ushahidi anaoombwa ni kile anachokikumbuka.

Hapo ndipo penye swali la mwanahistoria. Kwa nini ushahidi uwe kumbukumbu? Na kumbukumbu hiyo inabebwa na nani? Makala haya yanafuata safari ya neno la siri tangu kambi za majeshi ya kale hadi simu ya mkononi, kwa kusudi la kuonyesha kwamba historia yake si historia ya werevu wa mafundi peke yake. Ni historia ya mzigo pia. Katika jumuiya nyingi za kale kazi ya kukumbuka iligawanywa kati ya watu wengi, ikasaidiwa na vyombo, ikasimamiwa na mashahidi. Tangu miaka ya 1960 kazi hiyo iliwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja mmoja, na vyombo vya kumsaidia vikahesabiwa kuwa makosa. Matokeo ya badiliko hilo yanamgusa kila mwalimu na kila mwanafunzi ambaye barua zake, fedha zake au maandishi yake yamefungwa nyuma ya neno asiloruhusiwa kulisahau.

2. Neno la ulimi, neno la zamu

Masimulizi ya kale yanayojulikana zaidi kuhusu jambo hili yamo katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi, baada ya kuwashinda Waefraimu, walivishika vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa atamke neno Shibolethi. Mwefraimu alitamka Sibolethi, kwa kuwa ulimi wake haukuweza kuitoa sauti ile ya kwanza sawasawa, naye aliuawa papo hapo. Kitabu kinataja watu 42,000 waliokufa.

Kwa mwanaisimu kisa hiki kina funzo la pekee. Neno lenyewe halikuwa siri hata kidogo, maana mlinzi alilitaja kwa sauti mbele ya kila msafiri. Kilichopimwa kilikuwa matamshi. Ushahidi haukuwekwa akilini ambako ungeweza kusahauliwa, bali katika mazoea ya kinywa, ambayo mtu huyapata utotoni na hawezi kuyavua kama kanzu. Neno la namna hiyo halihitaji kukumbukwa. Lakini pia haliwezi kubadilishwa, na kwa sababu hiyo liligeuka kuwa hukumu ya kabila zima.

Jeshi la Kirumi lilifuata njia nyingine. Polibio, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ameeleza katika kitabu cha sita cha historia yake jinsi neno la zamu lilivyosafiri kambini. Katika kila aina ya askari, wa miguu na wa farasi, kikosi cha kumi kilikuwa na hema zake mwisho wa njia. Kikosi hicho kilimtoa mtu mmoja aliyesamehewa kazi ya ulinzi. Kila siku jua lilipokuchwa alikwenda kwenye hema la mkuu wa zamu, akapokea neno la usiku ule likiwa limeandikwa juu ya kibao cha mti, akarudi nalo. Alimkabidhi kibao hicho mkuu wa kikosi kilichofuata, mbele ya mashahidi. Huyo naye akamkabidhi wa mbele yake, mpaka kikafikia vikosi vya kwanza vilivyopiga hema karibu na wakuu. Ilikuwa lazima kibao kirudi mkononi mwa mkuu kabla giza halijaingia. Kibao kimoja kikikosekana, alama zilizoandikwa zilionyesha mara moja ni kikosi gani ambako safari ilikatika, na aliyesababisha aliadhibiwa.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa katika utaratibu huo. Kwanza, neno lilikuwa la usiku mmoja, kwa hiyo hakuna askari aliyetakiwa kukumbuka zaidi ya neno moja kwa saa chache. Pili, neno liliandikwa. Jeshi ambalo nidhamu yake ilisifika halikuona aibu kuandika siri yake juu ya mti, mradi kibao kihesabiwe na kirudi. Tatu, kila makabidhiano yalikuwa na mashahidi. Kusahau hakukuwa dhambi ya mtu aliyejitenga, bali ufa katika mnyororo, na ufa huo uliweza kutafutwa na kuonekana.

Hofu ya kusahau imehifadhiwa vizuri zaidi katika hadithi kuliko katika vitabu vya vita. Kisa cha Ali Baba na wezi arobaini hakimo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfasiri Mfaransa Antoine Galland alikisikia Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, msimulizi aliyetoka Aleppo katika Syria, akakiingiza katika juzuu za mwisho za tafsiri yake, zilizokamilika mwaka 1717. Humo Kasim, ndugu yake Ali Baba, anaingia pangoni kwa kutaja simsim, ambayo Waswahili huiita pia ufuta. Anajaza mali, anarudi mlangoni, na neno limemtoka. Anataja shayiri, anataja nafaka nyingine, mlango haufunguki. Wezi wanarudi, wanamkuta na kumwua. Msimulizi alielewa vema jinsi kumbukumbu ya mwanadamu inavyofanya kazi. Kasim hakusahau yote: alijua kwamba lilikuwa jina la kitu kinachopandwa shambani. Alikumbuka ukoo wa neno, akapoteza neno. Mlango, kwa upande wake, haukujua maana. Ulijua sauti tu. Kila aliyewahi kukataliwa na kompyuta kwa sababu ya herufi kubwa iliyoandikwa ndogo amesimama mahali pa Kasim.

3. Lukasa: kumbukumbu yenye chombo na yenye warithi

Historia ya Kongo yenyewe inatoa mfano ambao haupaswi kupitwa. Miongoni mwa Waluba wa kusini-mashariki mwa nchi, chama kiitwacho Mbudye kilikabidhiwa kazi ya kuhifadhi historia ya ufalme, nasaba za watawala na kanuni za utawala. Chombo chake mashuhuri ni lukasa, ubao mdogo wa mti unaoshikwa kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono wa pili kikipita juu yake. Uso wake hupigiliwa shanga na kauri, au huchongwa. Rangi ya ushanga, ukubwa wake, mahali ulipo na jirani zake huweza kusimamia mtu, mahali patakatifu, njia ya safari au cheo katika baraza. Thomas Reefe aliandika juu ya chombo hiki mwaka 1977, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walikiweka katikati ya kitabu kikubwa juu ya sanaa na kumbukumbu ya Waluba, kilichofuatana na maonyesho ya New York.

Lukasa si neno la siri, na haifai kulinganisha vitu viwili hivi kana kwamba ni kimoja. Hata hivyo vinakutana katika swali lilelile: nani ana haki ya kufungua kilichofichwa, na anaithibitishaje haki hiyo? Jibu la Mbudye lilikuwa tofauti na lile la kompyuta kwa mambo mawili. Ubao wenyewe uliweza kuonekana na mgeni bila hasara kubwa, kwa sababu maana yake haikukaa katika shanga peke yake. Ilikaa katika mafunzo ya ngazi kwa ngazi ambayo msomaji wake aliyapitia. Tena chombo cha kukumbushia hakikuwa ishara ya udhaifu. Mwenye kumbukumbu aliheshimiwa akiwa na lukasa mkononi, wala hakuna aliyemwambia kwamba mjuzi wa kweli hukariri bila msaada. Juu ya hayo, mafunzo yalimaanisha warithi. Mzee alipofariki, ujuzi wa kuusoma ubao haukuzikwa pamoja naye, maana walikuwapo aliowafundisha.

4. Kompyuta yapokea mlango

Kompyuta za kwanza hazikuwa na neno la siri kwa sababu hazikulihitaji. Kazi zilipelekwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, zikiwa zimetobolewa katika kadi. Mlinzi wa chumba ndiye aliyekuwa mlango. Hali ilibadilika katika chuo cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walionyesha mwezi Novemba 1961 mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uligawa muda wa kompyuta moja kati ya watu kadhaa waliokaa kwenye mashine za kuchapia mbalimbali, kila mmoja akiona kana kwamba mtambo ni wake. Mara watu wengi walipotumia mtambo mmoja, kila mmoja alitaka mafaili yake yasisomwe na wengine, na wasimamizi walitaka kuhesabu muda wa kila mmoja. Neno la siri likachaguliwa kwa kuwa lilikuwa rahisi: herufi chache, nafasi ndogo katika hifadhi, hakuna kifaa cha ziada.

Urahisi huo ulikuwa na deni. Ili kompyuta ilitambue neno la kila mtu, ilibidi iwe na orodha ya maneno yote. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya udaktari chuoni hapo, alikuwa amepewa saa chache kwa juma, nazo hazikumtosha kwa utafiti wake. Aligundua kwamba angeweza kuomba faili lolote lichapishwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa. Aliomba faili la maneno ya siri usiku wa Ijumaa, akaenda kulichukua asubuhi ya Jumamosi pamoja na karatasi nyingine zilizochapwa, akaendelea na kazi yake kwa akaunti za wenzake. Alikiri kisa hicho kwa Corbató yapata robo karne baadaye.

Mwaka 1966 orodha ilijitoa yenyewe. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja: mmoja tangazo la siku, ambalo kila aliyeingia alichapiwa, na mwingine orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilitumia jina lilelile la faili la muda kwa kazi zote mbili, na mafaili yakabadilishana. Kuanzia hapo kila mtu aliyeingia alichapiwa maneno ya siri ya watumiaji wote kana kwamba ndiyo tangazo la siku, mpaka mtambo uliposimamishwa.

Katika visa vyote viwili hakuna mtumiaji aliyesahau, aliyeandika neno lake mahali pa wazi, wala aliyechagua vibaya. Mtambo ndio uliosaliti. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu kanuni nyingi zilizotungwa baadaye zilimtazama mtumiaji kana kwamba yeye ndiye chanzo cha hatari yote.

5. Kusaga neno na kulitia chumvi

Dawa ya ugonjwa wa orodha ilipatikana Uingereza. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Roger Needham alipendekeza kwamba kompyuta isihifadhi neno lenyewe, bali matokeo ya hesabu inayofanywa juu ya neno hilo, hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Maurice Wilkes aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1968. Mfano wa jikoni unatosha kuifafanua: mahindi hugeuka unga upesi, lakini hakuna anayeugeuza unga kuwa mahindi. Mtu anapoingia, kompyuta husaga neno alilochapa na kulinganisha unga na unga. Mwizi akiiba ghala, amepata unga tu.

Lakini mwizi mvumilivu anaweza kusaga mwenyewe kila neno la kamusi na kutafuta unga unaofanana. Hatari hiyo ilipimwa na Robert Morris na Ken Thompson katika makala yao ya Novemba 1979 juu ya mfumo wa Unix. Walikusanya maneno ya siri 3,289. Kati yake 15 yalikuwa herufi moja tu, 72 yalikuwa na alama mbili, 464 alama tatu, 477 alama nne, 706 herufi tano za namna moja, na 605 herufi sita ndogo. Mengine 492 yalipatikana katika kamusi, orodha za majina na mfano wa hayo. Jumla ilikuwa 2,831, yaani asilimia 86 ya maneno yote. Waandishi hao walieleza pia kinga walizoziweka: hesabu iliyofanywa ya polepole kwa makusudi, na namba ya bahati nasibu inayochanganywa na kila neno kabla ya kusagwa, ambayo mafundi waliiita chumvi. Kwa chumvi hiyo watu wawili wenye neno moja hupata unga tofauti, na mwizi analazimika kuanza upya kwa kila mmoja.

Miaka tisa baadaye, mwezi Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilienea katika kompyuta za Unix zilizounganishwa Marekani. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kukisia maneno ya siri, kwanza kwa majina ya wenye akaunti, kisha kwa orodha ndogo ya maneno 432. Mwandishi wake alikuwa Robert Tappan Morris, mwana wa yule Morris wa 1979. Baba alikuwa ameonyesha kwa takwimu kwamba mlango ni mwembamba. Mtoto aliusukuma ukafunguka.

6. Sheria zilizotungwa dhidi ya kumbukumbu

Takwimu za 1979 zingeweza kusomwa kwa namna mbili. Zingeweza kuwa ushahidi kwamba mwanadamu hawezi kutunga na kukariri fumbo, kwa hiyo apewe msaada. Wakuu wa mitambo walizisoma kwa namna ya pili: kwamba mwanadamu ni mvivu, kwa hiyo alazimishwe. Ikawa desturi kumtaka mtumiaji achanganye herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, abadili neno kila baada ya miezi michache, asilitumie mahali pawili, na asiliandike kamwe. Mwaka 2004 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo na viwango, NIST, ilitoa mwongozo ambao kiambatisho chake, kilichoandikwa na Bill Burr, kilizipa kanuni za namna hiyo uzito wa kitaalamu. Mashirika mengi duniani yalizifuata.

Ila ushahidi wa kuzipinga ulikuwa umekwisha kuanza kukusanyika. Mwaka 1999 Anne Adams na Martina Angela Sasse, watafiti wa London, waliwahoji wafanyakazi na kuonyesha kwamba watu hawadharau usalama, hulemewa. Aliyelazimishwa kubadili maneno mengi huishia kuyaandika, au kutumia neno moja akiongeza 1, kisha 2, kisha 3. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill walichunguza maneno ya siri yaliyokwisha muda wake, yaliyokuwa ya watu wa chuo chao wenyewe. Walionyesha kwamba anayelijua neno la zamani aliweza, kwa kompyuta yake, kulipata jipya katika sekunde chache kwa kiasi cha asilimia 41 ya akaunti walizojaribu. Kubadili kwa lazima kulikuwa kumezaa jina jipya la kitu kilekile.

Wakati huohuo umma ulikuwa ukijionyesha. Mwezi Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, ambayo ilikuwa imeyahifadhi bila kuyasaga, kosa lilelile la miaka ya 1960. Neno lililoongoza lilikuwa 123456, lililochaguliwa na watu zaidi ya 290,000.

Mwaka 2017 taasisi ya NIST iliubadili mwongozo wake. Iliacha kushauri mchanganyiko wa lazima wa alama na ubadilishaji wa mara kwa mara usio na sababu. Badala yake ilisisitiza urefu, na kuwataka wenye mitambo wayakatae maneno yanayojulikana kuwa yamekwisha kuibiwa. Mwaka huohuo Burr, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba aliyajutia mengi aliyoyaandika. Corbató naye alikuwa amesema mwaka 2014 kwamba maneno ya siri yamekuwa jinamizi, na kwamba yeye mwenyewe ameyaandika ya kwake katika kurasa. Mtu aliyelileta neno la siri katika kompyuta hakuweza kuishi bila kibao chake cha mti.

7. Tarakimu nne

Kwa walio wengi katika Afrika neno la siri si herufi bali tarakimu nne. Chanzo chake ni benki. Tarehe 27 Juni 1967 mashine ya kutoa fedha ya benki ya Barclays ilifunguliwa Enfield, kaskazini mwa London. Mbuni wake, John Shepherd-Barron, alisimulia mwaka 2007 kwamba alikusudia tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini, lakini mkewe alimwambia mezani jikoni kwamba anaweza kukumbuka nne tu. Mskoti James Goodfellow naye alikuwa ameandikisha hataza ya namba ya siri mwaka 1966. Tarakimu nne hutoa namba 10,000 tu. Ni chache, lakini zilitosha kwa sababu mashine haikumruhusu mtu kukisia bila kikomo, na kwa sababu namba haikufaa kitu bila kadi mkononi. Hapo, kwa nadra, mtambo ulikubali kupimwa kwa kadiri ya mwanadamu.

Namba hiyo ilifika katika kila kijiji pamoja na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na Kongo iliipata mwaka 2012. Mama muuza samaki ambaye hakuwahi kuwa na akaunti ya benki alijikuta na siri ya kutunza. Utunzaji huo una mazingira yake. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu namba ili amtolee fedha. Mteja mwenye haraka humtajia wakala namba yake kwa sauti, watu wakiwa nyuma yake. Wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa katika kitambulisho kilichomo katika mfuko uleule wa simu. Ni rahisi kuyaita haya ujinga. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba ni jibu la siku zote la mtu aliyepewa siri ya peke yake katika maisha yasiyo ya peke yake.

8. Karatasi, sanduku na urithi

Mabadiliko ya mawazo yalianza kwa kurudi kwenye vyombo. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitangaza njia ya kutunga fungu la maneno kwa dadu. Dadu hutupwa mara tano, na tarakimu tano zinazopatikana huelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Kazi hurudiwa mpaka yapatikane maneno matano, sita au zaidi. Orodha si siri, hata mwizi anaweza kuwa nayo. Nguvu yote imo katika dadu, ambayo haina mapenzi wala mazoea.

Njia hiyo inawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu inafunua mtego. Msemaji wa Kiswahili anayetakiwa kutunga fungu refu hukimbilia methali. Lakini kila kinachoifanya methali ikumbukwe, yaani mizani yake, vina vyake na kurudiarudia kwake, kimeifanya ikumbukwe na watu wote. Haba na haba hujaza kibaba ni ndefu kwa macho, ila kwa mwizi mwenye kitabu cha methali ni kitu kimoja tu. Ndivyo ilivyo kwa aya za Biblia au za Kurani na kwa mistari ya nyimbo. Fungu kama mbuyu, shemeji, radi, ndoo, kengele, karanga halina hekima yoyote, na kwa sababu hiyo lilifaa, mpaka lilipochapishwa hapa.

Mwaka 1997 Bruce Schneier alitoa programu iitwayo Password Safe, sanduku linalohifadhi maneno yote ya mtu yakiwa yamefungwa kwa neno moja kuu. Programu nyingi za aina hiyo zimefuata. Schneier huyohuyo alishauri mwaka 2005 kwamba watu wayaandike maneno yao magumu katika kipande cha karatasi na kukitunza pamoja na fedha mfukoni, kwa kuwa kila mtu amejifunza kulinda noti. Ushauri huo uliwashangaza wengi, ingawa askari wa Polibio asingeshangaa. Mwizi aliye nchi ya mbali husagasaga kamusi usiku kucha, lakini hawezi kufungua droo ya meza iliyoko Lubumbashi. Mwezi Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kuunga mkono funguo zinazokaa ndani ya simu au kompyuta yenyewe, ili mtu asikumbuke neno lolote. Mzigo unahama tena, kutoka kichwani kwenda kwenye kifaa. Na kifaa huibiwa, huharibika, huuzwa.

Limebaki swali ambalo mafundi hawakulijibu kwa muda mrefu, nalo ni la urithi. Mtafiti wa leo huweka mahojiano aliyoyarekodi, picha za hati na rasimu za kitabu katika akaunti iliyo kwa jina lake. Akifa, mlango unabaki umefungwa. Kwa idara ya lugha au ya historia, ambayo mali yake ni sauti za wazee waliokwisha kufa, hasara hiyo hailipwi kwa kununua mtambo mpya. Hapa Mbudye ilikuwa mbele ya kompyuta: ilijua kwamba kumbukumbu isiyo na mrithi imekwisha kupotea hata kabla mwenyewe hajafa. Njia za kuepuka si ngumu. Akaunti ya mradi iwe ya idara, si ya mtu. Maneno makuu yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, yakabidhiwe mbele ya mashahidi, na makabidhiano yaandikwe katika daftari, ili ijulikane nani anayo na tangu lini.

9. Hitimisho

Kutoka Yordani hadi simu ya mkononi, neno la siri limefanya kazi vizuri pale ambapo waliolitunga walikubali mipaka ya kumbukumbu ya mwanadamu, na limeshindwa pale walipoidharau. Warumi waliomba neno moja kwa usiku mmoja. Mashine ya Enfield iliomba tarakimu nne. Kanuni za mwanzo wa karne ya 21 ziliomba yasiyowezekana, zikapata 123456. Kwa hiyo anayeandika neno lake na kulificha mahali pema hajavunja desturi ya walinda siri, ameirudia. Lililobaki kwa vyuo na idara ni kukumbuka kwamba kibao cha mti hakikutolewa tu: kila jioni kilihesabiwa, na kila jioni palikuwapo mtu aliyepaswa kukipokea.